Safari Yetu ya Awindiri: Kumbe Meza Nayo Inapumua



Mwezi huu tumeombwa tuandike habari za safari. Sisi si watu wa kusafiri mbali. Safari yetu kubwa kila mtu hapa anaijua, ni ile ya kuvuka mpaka usiku na mtoto mgongoni, na ile haikuwa ya matembezi. Lakini iko safari nyingine ndogo, ya siku mbili tu, kutoka hapa Lobule mpaka Awindiri mjini Arua. Tumeona heri tuwasimulie hiyo, maana ilianza na hasara ikatuletea akili.

Mlio wa usiku

Usiku mmoja wa Januari 2024, kama saa nane hivi, watu wote wakiwa wamelala, ulisikika mlio ndani ya nyumba ya jirani yetu. Paa! Mlio mmoja tu, mkavu. Mama mwenye nyumba hakuuliza ni nini. Aliwakamata watoto, akatoka nao mbio mpaka kwenye mihogo, wakalala chini. Majirani nao wakatoka. Mmoja alikuwa tayari ameshika godoro na sufuria.

Vijana wenye tochi walizunguka nyumba, hawakuona mtu. Mwishowe mmoja akaingia ndani, akamulika huku na huku, mwanga ukaanguka juu ya meza. Ubao wa juu ulikuwa umepasuka kutoka upande wa kichwani kuja katikati, mwanya wa kupitisha penseli. Huo ndio uliokuwa mlio.

Hatukucheka. Ninyi wenyewe mnajua kwa nini hatukucheka.

Na aibu ilikuwa yetu, kwa sababu ile meza tuliitengeneza sisi. Kikundi chetu cha useremala kina watu kumi na mmoja, wanaume sita na wanawake watano. Mwaka 2023 tulikopa kwenye sanduku la akiba la kina mama, tukanunua mbao za maogani, tukatengeneza meza sita za kulia chakula. Zilikuwa nzuri kweli. Kila meza ilikuwa na mbao tano zilizogundishwa ubavu kwa ubavu, upana wa sentimita 90, na kila kichwa tulikifunga kwa ubao mmoja wa kukingama, ili ncha za mbao zisionekane na meza isipinde. Ule ubao wa kukingama tuliupaka gundi kutoka mwanzo mpaka mwisho, tukaupiga na misumari. Tulijisifu kwamba hata ngombe akipanda haitaachia.

Haikuachia kweli. Ilipasuka.

Tukaifanyia matengenezo. Tuliziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, tukaongeza misumari ya inchi nne. Kabla ya Februari kufika katikati, ikapasuka tena, mahali pengine. Wakati huo meza tatu nyingine nazo zilikuwa zimepata nyufa. Watu waliokwisha kulipa nusu ya bei wakasema nusu ya pili hawaleti. Kina mama wa sanduku wakaanza kutuuliza kwa upole, halafu bila upole. Na mtoto mdogo wa nyumba ile, msichana wa miaka sita, akakataa kabisa kulia chakula mezani. Alichukua sahani yake akakaa mlangoni.

Basi tukakaa kikao. Mmoja wetu ana shemeji yake Awindiri, naye akatuambia kwamba jirani na huyo shemeji yuko mzee mmoja fundi seremala, amefanya kazi hiyo tangu ujana. Tukachagua watu wanne waende, wanaume wawili, mama mmoja na kijana mmoja, na meza iliyopasuka wakaibeba. Mgonjwa hatibiwi kwa kusimuliwa.

Njiani

Tulitoka alfajiri. Bodaboda tatu zilitufikisha Koboko, na kwenye moja kijana wetu alikaa nyuma akiikumbatia meza, miguu yake tumeifungua na kuifunga kamba pembeni. Koboko mnapajua. Uganda, Kongo na Sudan Kusini vinakutana pale karibu, na sokoni utasikia Kikakwa, Kinubi, Kilugbara, Kilingala na Kiswahili kabla hujamaliza kununua chumvi.

Tuliweka vitambulisho vyetu mfukoni karibu. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, mkimbizi ana ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, na tunawakumbusha vijana kwamba ruhusa hiyo ni ya kutumiwa, siyo ya kukaa nayo nyumbani.

Kutoka Koboko tulipanda taksi. Kondakta alitaka nauli ya mtu wa tano kwa ajili ya meza. Abiria mmoja akauliza kama ni mgonjwa tunampeleka hospitali. Mama wa kikundi akamjibu, "Ndiyo baba, amevunjika mgongo." Gari zima likacheka, na kondakta akapunguza bei.

Barabara ile ni ya lami. Inatoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo, inapita Arua na Koboko, inaishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, kilomita 92 kwa jumla. Sisi tulikwenda kipande cha Koboko mpaka Arua, zaidi kidogo ya kilomita 50. Ilikuwa kiangazi kikali. Pande zote za Maracha nyasi zilikuwa za kahawia, mahali pengine zimeungua, na upepo mkavu wa kaskazini uliingia dirishani na vumbi lake. Midomo yetu ilikuwa imekauka na kupasuka. Mama alitoa kopo la mafuta, tukapitishiana, kila mtu akapaka. Hatukujua kwamba jibu la swali letu tulikuwa nalo pale pale kwenye midomo.

Arua ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili mji huu una utani wake, maana huko upande wa Oli kuna mitaa inaitwa Tanganyika, Kenya na Pangisha, kama vile Afrika Mashariki yote ilihamia pale ikatafuta chumba. Sisi tulishuka, tukaichukua meza yetu kichwani, tukaulizia Awindiri.

Awindiri

Kufika kwa mzee hakukuwa kazi. Ukisikia randa inalia na ukiona maranda yamepeperushwa mpaka barabarani, umefika. Karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo sita, pembeni ya mwembe. Mbele kulikuwa na vitanda viwili, mlango mmoja na kabati lisilo na milango. Nyuma, kwenye kivuli, mbao zilipangwa moja juu ya nyingine, na katikati ya kila mbao mbili kulikuwa na vijiti vya kutenganisha. Tuliona vile vijiti lakini hatukuvitilia maanani.

Mzee alitukaribisha. Alituagizia maji kwanza, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za watoto. Baada ya hapo akaigeuza meza yetu chali, akainama, akapitisha kidole kwenye ufa, akanyamaza.

"Wanangu," akasema, "mbao hizi mlinunua mwezi gani?"

"Septemba, mzee."

"Na meza mkafunga lini?"

"Oktoba."

"Na ikapasuka Januari." Hakuuliza. Alisema tu. "Mliifunga imeshiba maji, mkaiacha ikae na njaa, na mikono mmeifunga kamba. Ingefanya nini?"

Halafu akatufundisha. Tutayaandika kwa utaratibu, ili hata asiyekuwa seremala aelewe.

Somo la kwanza: mbao haifi

Mti ukikatwa unakuwa na maji mengi. Yapo maji yaliyomo ndani ya vijumba vidogo vya mti, kama maji kwenye kikombe, na yapo maji yaliyonywewa na kuta za vijumba hivyo, kama maji kwenye kitambaa. Maji ya kikombe yakitoka, ubao unakuwa mwepesi tu, haubadiliki umbo. Lakini ubao ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya unyevu, kitambaa nacho kinaanza kukauka, na hapo ubao unaanza kunywea.

Jambo ambalo sisi hatukulijua ni kwamba hauishii hapo. Ubao uliokauka na kuwa meza bado unavuta unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi, mwaka hadi mwaka. Hapa kwetu West Nile mvua zinakuwa nyingi kuanzia Agosti mpaka Oktoba, halafu Desemba mpaka mwanzo wa Machi hewa ni kavu. Kwa hiyo kila meza hapa inapanuka na kunywea kila mwaka. Mzee alisema, "Inapumua. Pumzi moja kwa mwaka."

Lakini haipumui kila upande sawa. Alichukua kipande cha ubao, akatuonyesha nyuzi zake. Kufuata nyuzi, yaani kwa urefu wa ubao, hakuna badiliko la kuhesabu. Kukatisha nyuzi, yaani kwa upana, ndiko ubao unakotembea. Na ubao uliopasuliwa ubapa, ambao ndio mwingi sokoni, hutembea karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo.

Tuliporudi tulitafuta hesabu kwenye vitabu vya ufundi. Kutoka ubichi mpaka ukavu kabisa, maogani ya Afrika iliyopasuliwa ubapa hunywea kama asilimia 4 na nusu ya upana wake, mvule kama asilimia 4, msaji, ambao wengi wetu tunauita tiki, karibu asilimia 6. Paini na kalitusi hutembea zaidi.

Sasa chukueni meza yetu, upana sentimita 90. Tuseme unyevu wake ulishuka kutoka asilimia 16 wakati wa mvua mpaka asilimia 10 wakati wa kiangazi. Hesabu inatoa milimita 8. Ndiyo unene wa penseli na kidogo zaidi! Lakini ule ubao wa kukingama kichwani, nyuzi zake zinafuata urefu wake, kwa hiyo urefu wake wa sentimita 90 haukupungua hata nusu milimita. Mbao tano zilitaka kusogea ndani milimita 8, ubao wa kichwani ukakataa kwa gundi na misumari. Vita ile ilitafuta mahali palipo dhaifu, ikatokea hapo.

Mama wetu akauliza swali ambalo sisi wanaume tuliona aibu kuuliza. "Mzee, samahani. Si tungeongeza misumari mikubwa zaidi, ishindwe kabisa kusogea?"

Mzee hakumcheka. "Mama, mbao ikikauka nguvu zake za kunywea huwezi kuzishinda kwa msumari. Ukizidi kuibana, inapasuka kwa mlio mkubwa zaidi. Hata chuma hakibanwi. Ile reli iliyofika Pakwach mwaka 1964, unadhani vipande vya chuma viligusana? Reli za zamani ziliachwa na mwanya kwenye maungio, kwa sababu chuma kikipata jua kinarefuka. Fundi hashindani na kitu ambacho lazima kitatokea. Anakitengea nafasi."

Kijana wetu akauliza habari ya vanishi, kama haiwezi kuziba hewa isiingie. Mzee akasema vanishi inachelewesha tu, haizuii. Ndiyo ipakwe, na ipakwe juu na chini pia, maana meza iliyopakwa juu peke yake inavuta unyevu upande mmoja na kupinda. Lakini asiyeacha nafasi asitegemee vanishi.

Chakula

Mchana watu wa nyumbani kwake walituletea enyasa na osubi. Tulikula pamoja chini ya mwembe, wageni na wenyeji, mikono kwenye sahani moja. Tulijibana kwenye benchi moja fupi, na mzee akasogea pembeni kabisa ili mama apate nafasi. Akasema kwa utani, "Mnaona? Na benchi lina kanuni ile ile."

Somo la pili: kofia ya meza

Ubao wa kukingama kichwani yeye anauita kofia. Sisi tulidhani atatuambia tuache kuutumia. Hapana. Alisema kofia ni nzuri, inazuia mbao zisipinde, na inafunika ncha, mahali ambapo unyevu huingia na kutoka kwa haraka kuliko mahali pengine. Kosa letu lilikuwa namna ya kuishika. Alituonyesha hatua kwa hatua, na alasiri yote tulipiga patasi wenyewe huku yeye akisimamia.

1. Kwenye kichwa cha meza toa ulimi, unene wake theluthi moja ya unene wa meza. Meza ya sentimita 3, ulimi wa sentimita 1. Ulimi huu uwe mfupi, sentimita 1 tu, isipokuwa mahali patatu ambapo unaacha ndimi ndefu za kama sentimita 5: moja katikati, na moja karibu na kila ukingo.

2. Kwenye kofia chimba mfereji wa kupokea ulimi mfupi, na matundu matatu ya kupokea ndimi ndefu. Tundu la katikati libane ulimi wake vizuri. Matundu mawili ya pembeni yawe mapana kuliko ndimi zake, uache milimita 5 kila upande. Hiyo ndiyo nafasi ya kutembea.

3. Ingiza kofia bila gundi. Toboa matundu ya vijiti vitatu kupita kofia, uweke alama kwenye ndimi, kisha ivue tena.

4. Tundu la kijiti kwenye ulimi wa katikati libaki duara, ila lisogeze kama milimita 1 kuelekea mezani, ili kijiti kikipigwa kiivute kofia ibane. Kwenye ndimi za pembeni matundu yarefushwe kwa tupa, yaelekee kushoto na kulia, yaani kwa upana wa meza. Yasirefushwe kuelekea kichwani, la sivyo kofia italegea.

5. Gundi weka kwenye ulimi wa katikati peke yake. Ndimi za pembeni paka nta ya mshumaa ili ziteleze. Piga vijiti.

Hapo mzee alisimama, akatuangalia mmoja mmoja. "Ukisahau yote, shika hili. Katikati bana, pembeni achia. Kwa hiyo meza inajua nyumbani ni wapi, ila mikono yake ina nafasi."

Alituambia pia kwamba mwezi wa kufunga meza una maana. Ukiifunga wakati wa kiangazi, mbao zimenywea, kwa hiyo nafasi zaidi iachwe upande wa nje, maana zitapanuka. Ukiifunga wakati wa mvua, nafasi zaidi iwe upande wa ndani. Na kosa lile lile hufanyika chini ya meza, pale watu wanapoifunga kwa misumari kwenye fremu ya miguu. Huko nako tumia skrubu zenye tundu refu, au vibao vidogo vyenye mdomo unaoingia kwenye mfereji wa fremu, ili meza iweze kuteleza.

Kabla ya jua kuzama alitupeleka kwenye zile mbao zake zenye vijiti. Sasa tulielewa. Vijiti vinaacha hewa ipite pande zote. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, ingawa kwenye joto kama letu mbao nyingine huwahi. Asiye na kifaa cha kupima unyevu achukue kipande kidogo cha ubao ule ule, akipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umefikia hewa ya mahali pale. Sisi tulikuwa tumenunua mbao Septemba na kuzifunga Oktoba!

Tulilala kwa shemeji. Asubuhi mzee alikataa malipo, akasema tumletee habari badala ya pesa. Tukamwachia msasa mpya tuliokuwa nao, akaupokea.

Tuliporudi

Jambo la kwanza lilikuwa kuwaeleza watu ukweli. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, kwenye zile nyumba zenye nyufa, tukasema kosa ni letu, siyo la mbao wala la mtu aliyeweka sufuria ya moto. Tulizichukua meza zote sita, hata mbili ambazo bado zilikuwa nzima. Hilo lilileta mabishano ndani ya kikundi. Wengine walisema nzima ziachwe. Mama yule aliyekwenda Awindiri akasema, "Tusubiri zipige mlio usiku mwingine?" Mabishano yakaisha.

Tulikata vichwa vilivyogundishwa, tukaunganisha nyufa, tukatengeneza kofia upya. Kila meza ikawa fupi kidogo kuliko mwanzo. Kofia mbili tuliziharibu kwa sababu matundu ya vijiti tuliyarefusha upande usiofaa, tukaanza tena. Kazi iliisha mwanzoni mwa Aprili 2024, mvua zikiwa zinaanza.

Kwenye ile meza ya kwanza, ya nyumba ya mlio, tulipiga mstari mwembamba wa penseli pale ukingo wa meza unapokutana na kofia. Siku ile kofia na meza vililingana, huwezi kusikia tofauti kwa kidole. Septemba 2024 meza ilikuwa imepanuka, imeipita kofia kama milimita 3 kila upande. Wenye meza nyingine walikuja kulalamika, "Mbona haijalingana? Mmekosea vipimo." Tukawaeleza, "Hapana ndugu, inavuta pumzi. Msiipige randa, itarudi." Na kweli, Februari 2025 ilikuwa imerudi, hata ikaingia ndani kidogo, kofia ikachungulia nje. Kiangazi kizima kilipita, meza sita, hakuna ufa hata mmoja.

Msichana wa nyumba ile ndiye tuliyemkabidhi kazi ya kupima. Tulimwonyesha mstari, tukamweleza kwamba ule mlio haukuwa bunduki, ilikuwa meza iliyobanwa, na sasa imepewa nafasi. Kwanza aliigusa akiwa amesimama mbali. Baadaye akazoea. Siku hizi akirudi kutoka shule anapitisha kidole kwenye ukingo na kutangaza, "Imeshiba," au "Ina njaa." Halafu anakaa, anakula hapo hapo.

Deni la sanduku halijaisha. Meza nne zimekwisha kulipwa zote, mbili bado nusu. Kina mama wanatuuliza tena kwa upole, na wameagiza kabati la kuwekea vitabu vyao vya hesabu. Milango ya kabati hilo tunaitengeneza kwa fremu, na ubao wa katikati unakaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi. Kanuni ni ile ile.

Habari tulizoahidi tulimpelekea mzee mwezi Machi 2025, na safari ile tulibeba kiti kidogo cha zawadi. Alikigeuza chali kwanza, kabla ya kusema asante, akatafuta kama tumeacha nafasi. Alipoiona, akakirudisha chini, akakikalia.

Ndugu wasomaji, kama nyumbani kwenu kuna meza, kitanda au mlango ulioanza kulia kiangazi hiki, msiongeze msumari. Leteni kwetu tuangalie, tuko chini ya mti karibu na kisima kila siku isipokuwa Jumapili. Kuangalia ni bure. Na vijana wanaotaka kujifunza waje na penseli.